Brisansi: Baruti Isukumayo na Baruti Isagayo

Mtungi huvunjika, ubao hupasuka, kitunguu saumu hupondwa, mahindi husagwa. Mtunzi wa mashairi hawezi kuyachanganya maneno haya akasamehewa. Ajabu ni kwamba tukifika kwenye baruti tunajitosheleza na neno moja tu: nguvu.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Miaka michache kabla ya kustaafu niliombwa kutafsiri tangazo la usalama kwa ajili ya machimbo fulani ya mawe. Matini asilia ilitaja sifa mbili tofauti za baruti. Mimi nikaziandika zote mbili "nguvu ya mlipuko". Mzee mmoja mlipuaji alilisoma, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, nguvu ipi? Ya kusukuma au ya kusaga?" Sikuwa na jibu, na watu walikuwa wakipanga umbali wa kusimama kwa kufuata maandishi yangu.

Sifa ya pili, ile ya kusaga, wanasayansi huiita brisansi. Jina limetokana na kitenzi cha Kifaransa *briser*, yaani kuvunja. Kutoka hapo likaja *brisant*, "-enye kuvunja", neno ambalo Wafaransa hulitumia pia kuyaita mawimbi yanayovunjika mwambani. Aliyekulia pwani hahitaji maelezo zaidi: maji yale yale yanayoinua ngalawa taratibu kilindini huigeuza vipande yakiikuta kwenye mwamba.

Kwa karne nyingi neno hili halikuhitajika. Baruti ilikuwa moja, nyeusi, mchanganyiko wa shura, salfa na makaa. Hiyo huwaka, huwaka upesi, lakini ni kuwaka tu, na gesi yake husukuma. Mwaka 1847 Ascanio Sobrero alitengeneza nitrogliserini mjini Turin, na mambo yakabadilika. Alfred Nobel alimpoteza mdogo wake, Emil, katika mlipuko wa mwaka 1864. Miaka mitatu baadaye akapata hataza ya baruti kali aliyoiita dinamiti. Vitu hivi havingoji moto utambae. Wimbi la mshtuko hupita ndani yake kwa kasi inayoishinda sauti. Katika TNT hufikia takriban mita 6,900 kwa sekunde. Shinikizo hupanda ghafla mno, hata jiwe lililo karibu halipati nafasi ya kusogea. Linasagika pale pale lilipo.

Hata vipimo ni viwili. Ili kujua nguvu ya kusukuma, baruti hulipuliwa ndani ya tundu la bonge la risasi (madini, si ya bunduki), kisha hupimwa tundu limetanuka kiasi gani. Ili kujua brisansi, hulipuliwa ndani ya mchanga, na hupimwa gramu ngapi za mchanga zimesagika. Ndiyo maana wachongaji wa matale wamependelea baruti nyeusi hata baada ya kuja dinamiti: wanataka jiwe litengane zima, lisijae nyufa za ndani. Baruti yenye brisansi kubwa ingewaachia kokoto.

Wajerumani walilichukua neno hili wakaliita *Brisanz*, kisha wakalitoa maabarani. Leo kwao jambo linaloweza kuzua mtafaruku wa kisiasa husemwa kuwa *brisant*, na tangu mwaka 1994 wana kipindi cha televisheni chenye jina hilo. Sitashangaa siku moja mshairi wetu akifanya vivyo hivyo.

Na sisi tuliiteje? Nilifikiria "uvunjavunjaji", kwa kuwa kurudufu kitenzi ndiyo njia yetu ya kale ya kuonyesha kitu kimoja kikiwa vipande vingi. Lakini lina mizani sita, na katika kipande cha mizani nane linambakizia mtunzi mbili tu za kusemea yaliyosalia! "Brisansi" lina tatu, ila halimwambii chochote asiyelijua. "Upasuaji" tayari limechukuliwa na madaktari.

Tangazo nililiandika upya. Sifa ya kwanza niliiita "nguvu ya kusukuma", ya pili "ukali wa kusaga", na mbele ya hiyo ya pili nikaweka "brisansi" katika mabano. Yule mzee alilisoma mara mbili, akaomba nakala ya kubandika kwenye mlango wa ghala.