Kanisa la Kwanza la Bagamoyo na Mikono Iliyolijenga

Wageni wanaofika misioni ya Bagamoyo huonyeshwa mnara, na huambiwa kwamba hapo ndipo mwili wa mpelelezi David Livingstone ulipolazwa Februari 24, 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye kuzikwa Westminster, London. Ni kweli, na kisa chenyewe kinastahili kusimuliwa. Livingstone alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1, 1873. Watumishi wake Susi na Chuma, pamoja na wenzao, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba miezi mingi hadi pwani. Lakini mnara ule haukujengwa kwa ajili ya Livingstone. Ni mabaki ya kanisa la kijiji, na wanakijiji wenyewe walikuwa watu waliowahi kuuzwa. Hao ndio ninaotaka tuwazungumzie.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzia Unguja. Padri Armand Fava, ambaye hakuwa wa shirika hilo, aliwatangulia huko mwaka 1860 akitokea kisiwa cha Réunion, na baada yake kazi ikashikwa na Antoine Horner wa Roho Mtakatifu. Machi 1868, kwa ruhusa ya Sultani Majid wa Unguja, wakavuka bara na kupiga kambi Bagamoyo, mji ambao misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikiishia. Fedha walizochangiwa Ulaya walizitumia kukomboa watu sokoni, wengi wao watoto. Hao waliokombolewa, pamoja na walioletwa baada ya kuokolewa kwenye majahazi ya watumwa, ndio waliofyeka pori, wakachimba visima na kupanda minazi. Watoto walipokua walioana, wakapewa nyumba na kipande cha shamba, na hivyo kikazaliwa kijiji kilichoitwa Kijiji cha Uhuru.

Mwanzo ulikuwa mgumu kupita kiasi. Kipindupindu cha mwaka 1869 kilifagia pwani nzima, na misioni haikusalimika. Aprili 1872 ikaja tufani, ileile iliyong'oa mikarafuu ya Unguja, ikaangusha karibu kila kilichokuwa kimejengwa. Kanisa la mawe, lile lenye mnara, lilijengwa mwaka huohuo, katikati ya maafa hayo. Sioni ajabu kwamba watu walioona makuti na fito zao zikipeperushwa walitaka kuta nene.

Na kuta hizo zilijengwaje? Hapa ndipo ningependa waelekezaji wa wageni wakae kidogo. Pwani yetu haina mwamba wa kuchonga kama bara. Ina matumbawe. Mawe hayo huchimbwa ardhini au hukatwa baharini maji yakikupwa, yangali laini, kisha huachwa yakauke. Chokaa nayo hutoka kwenye matumbawe hayohayo: hupangwa magogo duara, safu juu ya safu, mawe yakarundikwa juu, tanuu ikawashwa moto hadi mawe yakawa meupe na kuvunjika mkononi. Baada ya hapo humwagiwa maji, hufunikwa na kuachwa majuma au miezi ili ipoe na kulainika. Ndipo huchanganywa na mchanga au udongo mwekundu. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vya majengo ya zamani ya pwani ni vyembamba: boriti haiwi ndefu kuliko ilivyojaliwa.

Ufundi huu haukuletwa na padri yeyote. Kilomita chache kusini mwa misioni yapo magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 uliojengwa kwa matumbawe na chokaa. Kwa hiyo kanisa lile, pamoja na ramani yake ya kigeni, ni mtoto wa uashi wa pwani, uashi uliolelewa na Waislamu kwa karne nyingi. Kukata mawe, kuyabeba, kukesha na tanuu: kazi hiyo ya jasho iliangukia wanakijiji. Ni wao pia waliopanda njia ya miembe mwaka 1871, na wao waliojenga pango la Bikira Maria mwaka 1876.

Tuseme ukweli wote. Uhuru wa kijiji kile ulikuwa na mipaka. Kengele ilipanga siku, ndoa zilipita mikononi mwa mapadri, na sehemu kubwa ya nguvu za watu iliingia katika mashamba ya misioni. Mwanahistoria Paul Kollman, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya watumwa na mwanzo wa Ukatoliki Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba wapo waliotoroka. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alipozuru mwaka 1873, wakati Uingereza ikimshinikiza Sultani Barghash afunge soko la watumwa, aliisifu sana misioni hii na kuiona mfano wa kuigwa. Hatuna budi kuuliza wanakijiji wenyewe wangejibu nini.

Kutoka hapo mbegu ilisambaa. Mwaka 1877 kikafunguliwa kituo cha Mhonda, kisha Mandera na Morogoro, na familia za wakombolewa zilitumwa kuanzisha vijiji vipya bara. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vya 1888 na 1889 vilipowaka, maelfu ya wakazi wa mji walikimbilia viwanja vya misioni. Kanisa jipya, kubwa zaidi, lilianza kujengwa mwaka 1910 na kukamilika 1914, mwaka Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka. Lile la kwanza likabaki mnara.

Tangu 2006 Bagamoyo imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa Urithi wa Dunia, kama sehemu ya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe. Heshima hiyo ina wajibu wake. Ukuta wa matumbawe hupumua. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na jiwe huliwa taratibu pasipo mtu kuona hadi lipu ibanduke na vipande. Dawa yake ni chokaa ileile ya zamani, na mafundi wanaoijua wanazeeka. Basi rai yangu kwa jimbo la Kanisa Katoliki, idara ya mambo ya kale na halmashauri ni hii: wawekeni vijana chini ya mafundi hao sasa, wajifunze tanuu na mchanganyiko wake. Na kibao cha mnara kiongezwe maneno ya kuwataja wakombolewa wa Kijiji cha Uhuru kuwa ndio walioujenga.