Mkorosho, bibo na korosho

Mwingereza ana neno moja, "cashew", kwa mti na mbegu yake. Mturuki husema "kaju", karibu sawa na "caju" ya Wareno walioleta mti huu kutoka Brazil karne ya 16. Ndiyo maana kamusi zetu zina neno mkanju pia kwa mti huo. Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, neno moja halitoshi kabisa. Mti ni mkorosho. Tunda lenye maji, jekundu au la njano, ni bibo, na maji yake yakikamuliwa na kuchachuka huwa pombe iitwayo uraka. Magazeti yakiandika "matunda ya korosho" yanamnyima mkulima neno lake zuri. Korosho ni ile inayoning'inia chini ya bibo. Kuitoa kwenye ganda ni kubangua, kazi ngumu, maana utomvu wa ganda hilo huunguza vidole.