Kusoma Kibandiko cha Ufanisi wa Nishati Kabla ya Kununua Kiyoyozi cha Nyumbani

Miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, nyumba nyingi za bati zisizo na dari katika Segese na maeneo mengine ya Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, huwa na joto lisilovumilika mchana. Mwananchi anayeamua kununua kiyoyozi hulinganisha kwanza bei za dukani. Ni jambo la busara, lakini gharama iliyo kubwa zaidi hulipwa baadaye, kidogo kidogo, kupitia mita ya LUKU.

Kwa viwango vilivyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350, na mteja anayeendelea kuvuka kiwango hicho huhamishiwa daraja la T1, ambako uniti moja ni shilingi 292. Juu ya bei hizo huongezwa VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA. Hivyo uniti ya T1 humfikia mteja kwa takriban shilingi 356, mbali na kodi ya jengo inayokatwa kwenye mita.

Kaya inayotumia uniti 60 kwa mwezi katika daraja la D1 hulipa takriban shilingi 7,300. Ikiongeza kiyoyozi cha BTU 12,000 kinachovuta wati 800 na kufanya kazi saa sita kila siku, matumizi hupanda kwa uniti 144, kaya hutoka D1, na malipo hufikia karibu shilingi 72,700. Kiyoyozi kingine chenye BTU zilezile kinachovuta wati 1,256 kitafikisha malipo hayo karibu shilingi 101,900. Hesabu hii imechukulia kwamba mashine inafanya kazi kwa nguvu zote muda wote. Katika hali halisi hupumzika kila chumba kinapopoa, hivyo matumizi hupungua. Hata hivyo, tofauti kati ya mashine hizo mbili hubaki, nayo haionekani kwa kutazama sanduku.

Huonekana kwenye kibandiko. Takwimu mbili za kutafutwa ni uwezo wa kupoza, unaoandikwa kwa BTU au kilowati, na umeme unaovutwa, unaoandikwa kwa wati. Muuzaji anaposema mashine ni ya "HP moja na nusu", kwa kawaida anakusudia BTU 12,000, sawa na kilowati 3.5 za kupoza. Ukigawanya uwezo wa kupoza kwa umeme unaovutwa unapata EER, yaani kiasi cha ubaridi kinachopatikana kwa kila wati. Hapa wanunuzi wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa watengenezaji wengine hugawanya BTU kwa wati na wengine wati kwa wati. Mashine ya BTU 12,000 inayovuta wati 1,100 itaandikwa 10.9 kwa njia ya kwanza na 3.2 kwa njia ya pili, na ni mashine ileile. Kuoanisha, gawanya namba ya kwanza kwa 3.412.

Kuna pia SEER, ambayo hupima ufanisi wa msimu mzima badala ya saa moja ya joto kali. Kwa kawaida huwa kubwa kuliko EER ya mashine hiyohiyo, hivyo zisilinganishwe.

Nyota na herufi zinahitaji uangalifu zaidi, maana viyoyozi huja na vibandiko vya nchi mbalimbali. Kenya, chini ya kanuni za mwaka 2016, hutumia nyota moja hadi tano, tano ikiwa bora. India hufanya vivyo hivyo. China hutumia madaraja ya namba, lakini huko namba 1 ndiyo bora na 5 ndiyo dhaifu. Ulaya hutumia herufi. Aidha, vigezo hukazwa kadiri miaka inavyopita: mashine iliyokuwa na nyota tano India kabla ya Julai 2022 ilihesabiwa kuwa ya nyota nne baada ya hapo. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye kibandiko una uzito sawa na nyota zenyewe. Na alama T1 kwenye bati la mashine isichanganywe na daraja la umeme. Huonyesha kuwa kipimo kilifanywa joto la nje likiwa nyuzi 35.

Ukubwa nao huamua matumizi. Chumba cha mita za mraba 12 chenye dari hutoshelezwa na BTU 9,000. Mashine kubwa kupita kiasi isiyo na inveta huwaka na kuzima mara kwa mara, hupoteza umeme na huchakaa mapema. Inveta hupunguza mwendo badala ya kuzima, na faida yake huonekana kwa anayewasha kwa saa nyingi. Kwa chumba kinachotumika saa moja kwa siku, fedha ya ziada huenda isirudi. Kwa nyumba isiyo na dari, ni vema kuanza na dari. Feni ya wati 60 kwa saa sita kila siku hutumia chini ya uniti 11 kwa mwezi, na kaya ya mfano wetu hubaki D1.

Kwa mashine zilizotumika, soma pia aina ya gesi. R-22 inaondolewa sokoni duniani chini ya Itifaki ya Montreal, na nchi zinazoendelea zina ukomo wa mwaka 2030, hivyo kuijaza kutazidi kuwa kugumu. Mashine nyingi mpya hutumia R-32, ambayo ina athari ndogo kwa hali ya hewa kuliko R-410A lakini inaweza kuwaka, hivyo ifungwe na fundi aliyefunzwa. Hakikisha pia bati linaonyesha volti 220 hadi 240 na hezi 50. Mashine ya hezi 60 haikutengenezwa kwa umeme wetu.

Dai risiti ya EFD na uandike namba ya mashine. Ubora ukitiliwa shaka, taarifa ipelekwe TBS. Bidhaa ikishukiwa kuwa bandia, Tume ya Ushindani (FCC).