Nani aliambia kompyuta kuna noti 12 tu?

Wasee, leo siongei kuhusu kaunti wala bei ya omena. Leo ni historia, na ni historia ya kitu ambacho kila prodyusa wa Kisumu anakigusa kila siku bila kukiuliza kilitoka wapi: zile noti 12 za kinanda.

Hapa Kaloleni mambo huenda hivi. Mtu anarekodi nyatiti kwa simu, anaiingiza kwenye kompyuta, anaweka kinanda juu yake, na vitu vinaanza kugongana. Anasema nyatiti "haijatuniwa". Anaivuta uzi kwa uzi mpaka ikae kwenye gridi. Sasa imeingiana na kinanda, sawa. Lakini juzi jamaa mmoja alimpigia mzee wa nyatiti biti ya aina hiyo, na mzee akauliza kwa upole, "Huyu anayepiga ni nani?" Ilikuwa nyatiti yake mwenyewe. Hakuijua.

Hilo swali limenikaa kichwani. Niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya muziki wala ya kompyuta, kwa hivyo hii yote nimeisoma usiku kwa bando. Nitaieleza nilivyoielewa.

Tuanze London, 1885. Kuna Mwingereza anaitwa Alexander Ellis, mtu wa lugha na hesabu. Yeye ndiye aliyetoa kipimo tunachokiita senti. Ukitoka noti moja mpaka ile ile ya juu yake, yaani oktava moja, kuna senti 1,200. Kinanda cha leo kimegawanya hizo 1,200 mara 12, kila hatua senti 100. Ellis alipima vyombo vya watu wengi, wa Asia na kwingine, na kinachofurahisha ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na sikio zuri la muziki. Alitegemea masikio ya rafiki yake Alfred Hipkins. Pamoja na hayo akafikia jibu ambalo maprodyusa wengi bado hawajafikia: hakuna mizani moja ya muziki iliyoletwa na maumbile. Kila jamii ilijipangia yake. Hiyo ni miaka 16 kabla reli haijafika Kisumu.

Sasa angalia nyatiti. Nyuzi nane, zamani za kano za ng'ombe, siku hizi mshipi wa kuvulia samaki. Jathum anakaa kwenye kigoda kifupi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ubao, njuga zinalia mguuni. Hana chombo kingine cha kumwambia A ni ipi. Anatuni kufuata sauti yake ya kuimba. Wawili wakikaa pamoja si lazima nyuzi zao zilingane, na hakuna anayekosea. Orutu nayo ina uzi mmoja na haina vizuizi vya vidole, kwa hivyo inateleza popote inapotaka.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda, kuna amadinda, marimba ya Baganda. Watafiti walioipima walikuta ngazi tano ambazo zinakaribia kuwa sawa, kila moja karibu senti 240. Tafuta 240 kwenye kinanda chako. Kuna 200, kuna 300. 240 haina pa kulala.

Na kuna mtu aliyepita huku kwetu na vipimo mkononi kabla ya kompyuta. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alirekodi Kenya mwaka 1950 na tena 1952. Alikuwa na uma 54 za kupimia sauti, kuanzia mitetemo 212 kwa sekunde hadi 424, kila uma ikipishana na mwenzake kwa minne. Alikuwa anaandika chombo kimetuniwa vipi, si kurekodi wimbo tu na kuondoka. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Nina maswali yangu kuhusu wakati ule, nani alilipwa na nani hakulipwa, lakini hiyo ni posti ya siku nyingine. Kwa leo nataka tu ujue kwamba zaidi ya miaka 70 iliyopita mtu aliona hizi tuni zinafaa kupimwa, na leo kijana wa hapa hapa anazifuta kwa kubonyeza mara moja.

Gridi ilitufikia kidogo kidogo. Wamisionari wa CMS walianzisha shule ya Maseno mwaka 1906, na nyimbo za kanisa zilikuja na do-re-mi yake. Baadaye gitaa, mengine yakirudi na askari waliotoka Vita vya Pili. Gitaa lina vizuizi, na vizuizi ni zile 12. Hapa niwape heshima wazee wa benga: walichukua mwendo wa nyatiti wakauhamishia kwenye gitaa, kile kidole kinachokimbia juu, ile besi inayojibu. Mdundo ulihama karibu wote. Tuni haikuhama, maana chuma hakisogei. Silii kuhusu benga, mimi ni mtoto wa benga. Nasema tu kuna kitu kilibaki kwenye boti.

Halafu ikaja 1983, na huu ndio mwaka wa kukumbuka. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Roland, Japani, pamoja na wenzao, walitoa MIDI, lugha ya vinanda na kompyuta kuongea. Kila noti ikapewa namba, kuanzia 0 hadi 127. C ya katikati ni 60, inayofuata ni 61. Katikati ya 60 na 61 hakuna kitu. Kuna gurudumu la kukunja sauti, lakini kwa kawaida linakunja noti zote za chaneli kwa pamoja, kwa hivyo huwezi kushusha uzi mmoja na kuacha wengine. Haikuwa njama dhidi ya Waluo. Watu walitaka vinanda vya kampuni tofauti viongee, na wakaandika mfumo unaofanana na vinanda walivyokuwa navyo. Mwaka 1992 kikaongezwa kiwango cha kutuni kila noti kivyake, lakini kampuni nyingi hazikukijali.

Kwa nini hazikujali? Angalia Waarabu. Muziki wao una robo sauti, na taarab ya Zanzibar inazijua tangu zamani. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa ni cha 1905, na qanun ina vijiti vidogo vya chuma vya kupandisha na kushusha kila uzi. Korg wakatengeneza vinanda vyenye vitufe vya robo sauti kwa ajili ya soko hilo, kwa sababu kule kuna harusi, kuna pesa, kuna watu wanaonunua. Nyatiti haijawahi kuwa soko la mtu. Ndiyo maana nasikia vibaya mtu akisema teknolojia haina upande.

Sasa, unatumia nini? Hapa nitakuwa mfupi, maana hii si tangazo. Kuna Scala, programu ya bure ya Mholanzi Manuel Op de Coul, yenye hazina ya mizani zaidi ya 5,000. Faili yake ni maandishi matupu: jina, idadi ya ngazi, kisha senti mstari kwa mstari. Unaweza kuiandika hata kwa simu. Surge XT ni sinti ya bure, msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2018, na inasoma hizo faili. Vital pia inazisoma. Ableton Live imeweka mfumo wa tuni ndani yake tangu toleo la 12, mwaka 2024, lakini hiyo ni ya wenye pesa. Ninayoipenda zaidi ni Leimma ya Khyam Allami, mpiga oud wa Iraki, iliyotoka 2021 pamoja na mwenzake Apotome. Inafunguka kwenye kivinjari, huweki kitu kwenye kompyuta, na haianzi kwa kukuuliza umekosea senti ngapi kutoka kwa kinanda. Huyo alichoka kuambiwa muziki wa kwao ni kasoro ya kurekebishwa.

Nilienda kwa yule mzee na simu yenye programu ya kupimia sauti. Nikampigisha uzi mmoja mmoja, nane zote, nikaandika. Mbili zilikaa karibu kabisa na kinanda. Nyingine zilikaa katikati, mahali ambapo kompyuta huwa inakulazimisha uchague upande. Nikaandika faili, nikaiweka kwenye Surge, nikapiga besi chini ya rekodi yake bila kuigusa rekodi yenyewe. Haikugongana. Mzee akasikiliza, akatikisa mguu wenye njuga, halafu akasema besi ni kubwa sana.

Shida ni kwamba wiki iliyofuata alikuwa na mafua. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na nyatiti nayo akaishusha, na si nyuzi zote kwa kiasi sawa. Nikapima upya, namba zikawa nyingine. Nikamuuliza ipi ndiyo sahihi, ya wiki jana au ya leo. Akaniuliza mimi huimba na koo la wiki jana?

Kwa hivyo sasa nina faili tatu za nyatiti moja, kila moja na tarehe yake. Mwenye nyatiti nyingine kuanzia hapa mpaka Nyahera, Ahero au Bondo, na hataki kuombwa aitengeneze iwe "sawa", anitafute. Nitakuja na simu na chaja.