Mafunzo ya Kutamba Hadithi: Kutoka kwa Bibi hadi Warshani

Katika jadi zetu hapakuwa na darasa la kutamba hadithi. Mtoto alijifunza kwa kuitika. Bibi aliposema "Paukwa!", mjukuu aliyejibu "Pakawa!" alikuwa amekwisha kuingia kazini: alidakia wimbo wa ndani ya ngano, aliuliza kisa kilipomtatiza, na kesho yake aliwasimulia wenzake malishoni, nao wakamsahihisha. Hakuna aliyeyaita hayo mafunzo, ingawa yalichukua miaka. Huko Buhaya, mwimbaji wa tendi alikuwa na mzigo mzito zaidi, maana ilimpasa pia kuipiga enanga. Lakini hata yeye alianza kwa kumsikiliza fundi.

Utaratibu huo ulitaka bibi na mjukuu wawe karibu na waelewane lugha. Mji uliutatiza. Tuchukue mfano wa Wazo, kaskazini ya Dar es Salaam, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1966. Watu wa mikoa mingi wamehamia pande zile. Bibi amebaki Kondoa au Newala, mjukuu anakua akisema Kiswahili peke yake, na ngano ya Kirangi au ya Kimakonde inakosa msikilizaji kwa ajili ya nauli ya basi!

Wasanii wetu waliliona pengo hilo. Idara ya Sanaa za Maonyesho ilianzishwa mwaka 1967 katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1976 Ebrahim Hussein alitoa *Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi*, maandishi yanayomtaka mtu mmoja asimame mbele ya watu na kusimulia. Mwaka 1982 Penina Muhando alimweka Bi Msimulizi katika *Nguzo Mama*. Basi kijana aliyesomea uigizaji akalazimika kujifunza ufundi aliokuwa nao bibi yake: kugeuza sauti, kutumia mikono, na kunyamaza kwa wakati wake, jambo ambalo naona ndilo gumu kuliko yote.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981 na kugeuzwa kuwa Taasisi mwaka 2007, kilikaribia zaidi desturi ya kale. Humo vijana walikaa na mafundi kama marehemu Hukwe Zawose, aliyetoka Ugogo na zeze na ilimba yake. Huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu walishirikiana na wanakijiji kuchunguza matatizo yao, mojawapo likiwa mimba za wasichana wa shule, wakayatolea maonyesho na kuyajadili hadharani. Kwa maoni yangu, thamani kubwa ya Malya ni kwamba mtazamaji alirudishiwa haki yake ya kudakia.

Haki hiyo ndiyo inayosahauliwa katika warsha nyingi za siku mbili tatu. Mtambaji hufundishwa vizuri, kisha hupandishwa jukwaani mbele ya wenzake waliokaa kimya kama wamo katika chumba cha mtihani. Mwalimu angeanzia kwa waitikaji. Kabla ya kumchagua mtambaji, kila mwanafunzi amwulize bibi yake jinsi hadithi inavyofunguliwa kwao na jinsi wasikilizaji wanavyoitika, kisha darasa zima lijizoeze miitikio hiyo wiki nzima.