Jambia la Maigizo: Juu ya Kuigeuza Riwaya ya Njozi na Masihara kuwa Tamthilia

Imekuwa ada ya baadhi ya wahakiki kudai kwamba riwaya ya njozi yenye masihara haipandishwi jukwaani ila kwa hasara, maadamu ladha yake yote imo katika sauti ya msimulizi, yaani katika tashbihi zake, tanbihi zake na mizaha anayoipenyeza baina ya tendo na tendo. Na katika dhana hiyo hutoka shauri kwamba sauti hiyo apewe mhusika mmoja, asimame pembeni na kuisoma. Makala haya yanaikataa dhana hiyo pamoja na shauri lake, na burhani yake kuu ni Wyrd Sisters, riwaya ya Terry Pratchett iliyotoka mwaka 1988, ambayo Stephen Briggs aliigeuza tamthilia kwa ajili ya waigizaji wa ridhaa wa mji wa Abingdon, Uingereza, mwaka 1991.

Kwamba kitabu kirefu sharti kipunguzwe, hilo halina mzozo. Mzozo ni juu ya kinachostahili kubaki. Wanaoitetea mizaha ya msimulizi huihesabu kuwa ndiyo kazi yenyewe, ilhali kisa hiki kimejengwa juu ya hoja moja nzito: kwamba maneno yakisemwa kwa ustadi huweza kuyageuza yaliyopita. Felmet, aliyemwua Mfalme Verence na kuutwaa ufalme wa Lancre, anaagiza utungwe mchezo wa kuwafanya watu wawachukie wachawi watatu na kuusadiki wema wake. Na aliyepata kuisoma Makbeth katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968 hatataabika kuutambua ukoo wa kisa hicho.

Na tuutazame usiku wa mchezo wenyewe. Kitabuni, Pratchett analazimika kutueleza kwamba hadhira inayaamini inayoyaona, hata Granny Weatherwax, mmoja wa wachawi hao, anapowaloga waigizaji nao wakaitamka kweli ya mauaji mbele ya muuaji. Sisi wasomaji twapewa habari ya imani hiyo tukiwa mbali nayo. Ukumbini, walioketi vitini ndio watu wa Lancre, wala hapana haja ya kuambiwa. Kisha Felmet, akili imemruka, analinyakua jambia la waigizaji, ambalo ubapa wake hurudi ndani ya mpini, anawachoma watu nalo, anajichoma mwenyewe, na kuamini kwamba amekwisha kufa. Msomaji huambiwa lipi la kweli na lipi la bandia. Lakini jukwaani kila silaha ni ya bandia, hata panga za askari wanaomsaka mtoto wa mfalme mwanzoni mwa kisa, na mtazamaji aliyeziogopa zile panga hana hujja ya kumcheka Felmet pasipo kujicheka nafsi yake.

Itasemwa kwamba Kifo, mhusika ambaye kitabuni maneno yake huchapishwa kwa herufi kubwa, hupotewa na alama yake jukwaani. Hapotewi na kitu, kwani herufi zile zilishika nafasi ya sauti, na sauti mwigizaji anayo. Ama ile miaka 15 ambayo Granny anaivusha nchi nzima kwa usiku mmoja, nakubali kwamba maneno machache ya masimulizi hapo yanafaa.

Kwa hiyo mwenye kuigeuza riwaya ya namna hii na aanze kwa kutafuta pale ambapo kitabu hutoa habari ya imani ya watu, kisha mizaha ibaki kwa kadiri inavyolitumikia jambo hilo. Yamkini kanuni hii haitatosha kwa kila riwaya ya njozi. Walakini kwa zile ambazo masihara yake yahusu namna watu wanavyosadikishwa, nathubutu kusema kwamba kitabu hakijakamilika mpaka kichezwe.