Pangani Haikuuawa na Vita

Daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, kwenye barabara ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo, limelirudisha jina la mji huu magazetini, na pamoja nalo hadithi ileile: mji wa Abushiri, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani; Wajerumani wakaupiga, ukafa. Nusu ya hadithi hiyo si kweli. Pangani ilitajirika kwa miguu ya watu. Misafara ya pembe za ndovu ilifunga mizigo hapa, ikafuata bonde la mto kwenda Usambara, Upare, Kilimanjaro na Umasaini. Hata Burton na Speke walianzia hapa mwaka 1857 kupanda Vuga, huko Usambara. Mwanahistoria Jonathon Glassman, aliyeichimba habari hii katika kitabu chake cha 1995, anasisitiza kwamba ghasia za 1888 hazikuwa za Waarabu peke yao. Agosti mwaka huo kampuni ya Kijerumani ilikuja kushika forodha iliyopewa na Sultani Khalifa wa Zanzibar. Wakala wake, Emil von Zelewski, akalazimisha bendera ya kampuni ipandishwe na kumdharau liwali. Inaelezwa kuwa askari wa manowari waliingia hadi msikitini siku za Idi ya Hija. Tusi hilo halikumezeka. Wenyeji wa mji na watu wa bara waliwazingira Wajerumani nyumbani mwao, mpaka Lloyd Mathews, jemadari wa Sultani, akaja kuwatoa. Abushiri, mwenye shamba la miwa, aliongoza umati uliokwisha kuwaka. Alinyongwa hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye hakwenda mbali: Wahehe walimuua Lugalo mwaka 1891.

Mji ulioshindwa vitani ungeweza bado kufanya biashara. Kilichokata riziki yake ni ujenzi wa reli ulioanzia Tanga mwaka 1893, ukielekea Usambara ileile. Mizigo ikaacha kushuka na mto. Atasema mtu kuwa mlango wa mto una fungu la mchanga, meli kubwa zisingeingia kamwe. Sawa, lakini fungu hilo lilikuwapo enzi za majahazi na mji ukastawi. Kilichohama ni njia ya bara, na njia huamuliwa na watu. Ndiyo maana shangwe za daraja zinahitaji kipimo. Abiria aliyengoja pantoni ya kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, alikuwa na muda wa kununua chai na samaki. Mwenye gari darajani hana sababu ya kusimama, ilhali majumba ya kale na Boma, ambayo yangemsimamisha, yameachwa yabomoke.